Mgomba kwa Niaba ya Baba Brian

Jumatatu, 2 Juni
Mochari mbili leo. Maiti zisizo na majina. Kimo, makovu, nguo, alama za vidole. Naingiza, nafunga, nafungua nyingine. Zamani kila mochari ilijijua yenyewe na kila kituo cha polisi kilijijua chenyewe. Sasa vyote vinakuja kwenye mfumo mmoja na vidole vinalinganishwa na vya vitambulisho. Kazi nzuri. Hainikoseshi usingizi.
Huku mtaani Mowlem, Nairobi, maji hakuna tena. Nimebeba mtungi hadi orofa ya nne.

Jumanne, 3 Juni
Jirani yangu Mama Brian amebisha. Mumewe, fundi wa reli, alitoka asubuhi moja mwaka juzi kwenda kazini Muthurwa, hakurudi. Mimi sikumjua. Nilihamia baadaye. Namjua kwa picha ya ukutani tu: mnene, amenyoa ndevu, anacheka.
Ukoo wake Bungoma umechoka kungoja. Wiki ijayo, Jumamosi, watazika mgomba badala yake, ndivyo wafanyavyo mwili usipopatikana. Mama Brian naye atanyolewa kichwa kama mjane.
"Mama Mueni, niangalilie kwa hiyo kompyuta yenu," akasema. "Kama amekufa, nipewe yeye. Sitaki kuzika mgomba."

Jumatano, 4 Juni
Nimeangalia. Hayumo. Nikamwambia mlangoni. Akauliza, "Kwa hivyo si maiti?" Nikamjibu kwamba si maiti tuliyo nayo. Jibu la ofisini. Alishukuru hata hivyo.

Ijumaa, 6 Juni
Nilipokuwa hospitali moja ya kaunti jirani kuchukua rekodi za mochari, nesi alinionyesha wodi ya nyuma. Wanaume waliookotwa barabarani, vichwa vimeumia, hawana vitambulisho. Wanaitwa kwa namba za vitanda. Wengine wako pale tangu mwaka juzi.
Mfumo wetu hauna mahali pa kuwaweka. Ni wa wafu pekee. Nimeliwaza hilo njia nzima.

Jumatatu, 9 Juni
Nimemwona mkubwa wangu kazini kuhusu wodi ile. Kasema sisi ni wa maiti. Mgonjwa ana siri zake, huwezi kumchukua alama za vidole ovyo kama mzigo bandarini. Ana hoja. Inaniudhi kwamba ana hoja.
Nikamwambia basi daktari wao aidhinishe, na majina yasionwe na mtu ila sisi na hospitali. Akasema ataandika barua.

Alhamisi, 12 Juni
Ruhusa imekuja. Hospitali inatutaka Jumatatu. Maziko ni Jumamosi.
Nilimweleza Mama Brian, nikamwonya asitegemee sana. Akampigia simu baba mkwe hapo hapo, akaweka spika nisikie. Mzee aliongea polepole, bila hasira. "Mke wa mwanangu, watu wameshasafiri. Mama yake halali. Acha tumpumzishe." Mama Brian akasema, "Sawa, Baba." Akazima simu. Akaanza kupakia nguo za Brian kwenye begi, amenipa mgongo.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefua. Nimepiga pasi. Huko Bungoma wanazika.

Jumatatu, 16 Juni
Wodi ya nyuma. Daktari alisimama nami muda wote. Mmoja alicheka nilipomshika kidole gumba. Mwingine, wa dirishani, alinipa mkono kama anayesalimiwa. Amekonda, ndevu hadi kifuani. Nesi anasema hajawahi kutamka neno, huguna tu.
Sikumtambua yeyote. Vidole vimetumwa.

Jumanne, 17 Juni
Vimelingana. Wa dirishani.
Nilikagua tena. Mwenzangu akakagua, akasema, "Ni yeye, hakuna maneno." Nilienda chooni nikanawa uso.
Mama Brian alikuwa amerudi jana. Kichwa kipara, kitambaa cheusi. Nilimwambia wima, mlangoni, kwa sababu sikujua namna nyingine. Akakaa chini sakafuni. "Lakini nimemzika," akasema. "Mama Mueni, nimemzika Jumamosi."

Jumatano, 18 Juni
Nimeomba ruhusa kazini, nikampeleka. Kwenye korido aliniuliza mara mbili kama kompyuta haikosei. Nikamwambia inakosea, lakini si hapa.
Alisimama mbele ya kitanda. Yule mtu akamtazama. Muda mrefu. Nikaanza kuogopa kwamba nimewakosea wote wawili. Kisha akainua mkono, akagusa kitambaa, kikateleza. Sauti yake ilikuwa kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.
"Nani amekunyoa?"
Nesi alitoka nje. Mimi pia.

Ijumaa, 20 Juni
Kuna tabu nyumbani kwao Bungoma. Aliyekwisha kuzikwa haingii bomani hivi hivi, atawaletea mkosi. Wajomba wanasema abaki Nairobi kabisa. Mama Brian hali chakula. Nimekasirika, ingawa si kabila langu na hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 22 Juni
Mzee amekuja mwenyewe, kwa basi la usiku, hadi wodini. Alimshika mwanawe kichwa, akampapasa ndevu. Kisha akatoka akasema mgomba utafukuliwa na kondoo achinjwe, mwanawe akipata nguvu apite lango la mbele mchana, watu wakiona. "Sisi ndio tuliokosea kaburi," akasema. "Si yeye."

Jumatatu, 30 Juni
Mkubwa ametaka niandike jinsi ya kufungua sehemu ya walio hai. Idhini ya daktari kwanza, kila hospitali ya kaunti. Hakusifu. Alisema tu niharakishe.
Wengine wa wodi ile hawajapatiwa majina. Vidole vyao havikulingana na vyovyote. Huenda hawakuwahi kuchukua vitambulisho.

Jumapili, 6 Julai
Baba Brian yuko nyumbani hapa Mowlem tangu Jumatatu. Mguu wa kushoto unaburuta. Maneno machache, mengine si yenyewe.
Mama Brian alikuja kuomba chumvi, akakaa. Alilalamika. Mumewe anakoroma, anamwaga chai, redio anaitaka juu, Brian hapati kusoma. Alilalamika saa nzima. Nilimsikiliza. Nje mvua ilikuwa imeanza, nyepesi.