Nani amewasha moto huu?

Jumwa, uko macho? Kakangu Mwero hajarudi.

Asubuhi alikuwa akichoma magugu shambani kwetu Mkongani. Baba alimwambia angoje ukungu uondoke, yeye akawasha tu. Unamjua kwa ubishi.

Mara ikaja ndege ndogo, inanguruma lakini haionekani. Haionekani, Jumwa! Ikachomoza juu ya moto, ikapiga mikorosho, bawa likakatika, ikaanguka shambani.

Rubani akatoka, mzungu, damu usoni. Neno lake la kwanza: "Nani amewasha moto huu?"

Mwero akadondosha jembe. "Nimekwisha, nitafungwa." Akakimbilia msituni, huko kwa ndovu!

Hakungoja kusikia lililofuata. Yule mzungu alikuwa akilia: "Nilikuwa sioni chini kabisa. Moto huu ndio ulionionyesha ardhi, nikainua ndege kabla sijajibamiza chini. Nataka kumpa mkono huyo mtu."

Baba na majirani wanamwita mpaka sasa. Naogopa akisikia sauti za watu wengi atazidi kujificha.

Nyinyi ndio mko karibu na msitu. Akibisha kwenu usipige kelele, wallahi atakimbia tena. Mwambie polepole tu kwamba hafungwi.