Kola ya Mume Wangu Imeongezeka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kujutia. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu cha kushona mashati, na mume wangu ni dalali, ananadi vyombo na fanicha mnadani kwa kipaza sauti, mtu wa maneno mengi na kifua wazi, lakini miezi minne sasa amekuwa mtu mwingine kabisa, anafunga kifungo hadi cha juu hata jua likiwaka, akilala ananipa kisogo, na chakula changu hakitaki, eti hakipiti, anakunywa uji vijiko viwili anaondoka, nami si mtoto, mwanamume asiyekula kwake anakula kwa mtu.

Halafu akaniomba nimpanulie kola za mashati, nikampima shingo, nikakuta imetoka inchi kumi na tano na nusu hadi kumi na saba, na suruali akataka zipunguzwe kiuno, nikajua anajipendezesha. Jumanne nikamfuata nyumanyuma, akaingia mlango wa uani kwa nesi mmoja mstaafu, akatoka anafunga kola. Nilimvaa yule mama palepale, akasema yeye humchoma sindano tu, ana uambukizo wa tezi shingoni, ulianza kama jipu, akipata dawa uvimbe unapungua, baada ya wiki mbili unarudi. Mume wangu naye akaapa ni hivyohivyo, alinificha nisihangaike, na sauti yake iliyoanza kukwaruza anasema ni kelele za mnada. Mshauri, uambukizo gani wa shingo miezi minne? Wameniona mjinga hawa. Nguo zangu nimeshafunga, Ijumaa naenda kwa kaka yangu. Niondoke au nivumilie?

Fundi Mwenye Macho

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Kufichwa kunauma, na mumeo amekosa kukuficha. Lakini macho yako umeyaelekeza kusiko. Uambukizo gani wa shingo miezi minne? Hilo ndilo swali lenyewe, ila wa kuulizwa ni daktari, wewe umekwenda kumvaa nesi.

Hebu soma tena vipimo vyako mwenyewe. Tangu lini mtu anayelishwa vizuri kwingine akanenepa shingo tu, huku kiuno kinakwisha? Alipokwambia chakula hakipiti alikuwa anakwambia ukweli, wewe ukasikia dharau.

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa masikio, pua na koo. Anasema mtu mzima mwenye uvimbe shingoni usioisha kwa wiki mbili au tatu za dawa, au unaopungua na kurudi, asiendelee kuchomwa sindano kwa kubahatisha. Aangaliwe ndani ya koo hadi kwenye shina la ulimi, na uvimbe wenyewe utolewe sampuli ipimwe. Huenda ni kifua kikuu cha tezi, huenda ni jambo dogo, na huenda ni saratani ya koo iliyojitokeza shingoni kwa sura ya jipu. Mimi sijui, wewe hujui, na huyo nesi naye hajui, kosa lake ni kumtibu kana kwamba anajua. Ikiwa ni saratani, ikiwahiwa ina nafasi kubwa ya kutibika, na miezi minne tayari mmeipoteza.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa, ubebe maboksi ya dawa zote alizotumia. Daktari aambiwe yote: chakula kukwama, sauti, kukonda, na kama anavuta sigara asione aibu kusema. Wakimwandikia vidonge vingine bila kumchunguza, usiinuke kwenye kiti, uliza, "Koo lake mmeliangalia?"

Atasingizia mnada. Mwambie hivi: "Jumanne nilikufuata kwa wivu. Leo nakufuata kwa sababu naogopa."

Majibu yakitoka, kama bado unataka kumnunia, mnunie hata mwaka mzima. Kwanza tuhakikishe yupo.