Marshali na Mlango wa Nyuma

Nyumba ya kona, ghorofa ya chini,
Nyuma ya karakana ya maseremala,
Tarehe 12 Julai.

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuacha. Sisi hatujambo. Goti langu bado linatabiri mvua, na mara nyingi linakosea. Bibi yako anakula vizuri na kusahau vizuri. Jana alinigombeza kwa kosa la marehemu baba yangu.

Habari za cheo chako kipya cha marshali wa moto, msimamizi wa usalama wa moto hapo kiwandani kwenu cha nguo, zimetufikia. Mama yako anatembea mtaani kama aliyeteuliwa ni yeye. Kinyozi alipomuuliza, "Huyo marshali wenu wa moto ana askari wangapi?" alimjibu bila kupepesa, "Vyerehani mia mbili. Wewe endelea kukata nywele."

Kosa wanalofanya wengi, mama yako akiwa mbele yao, ni kudhani kwamba marshali maana yake ni mkubwa wa watu. Uniwie radhi, nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, na ugonjwa wa kueleza hauna dawa. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao walilirithi kwa makabila ya Kijerumani ya kale. Limeungwa kwa maneno mawili: farasi na mtumishi. Marshali wa kwanza alikuwa mtu wa zizini, mwenye kunuka samadi, kazi yake kulisha na kufunga hatamu. Wafalme walipozidi kutegemea farasi vitani, mtumishi huyo naye akapanda: akasimamia mazizi, kisha wapanda farasi, hatimaye majeshi. Cheo kilikua, lakini mzizi wake ni utumishi. Kuna viumbe wamo ndani, na wewe ndiye unayejibu kwa ajili yao.

Sasa nije kwenye picha uliyotutumia. Wenzangu waliona kizibao cha manjano cha umarshali na tabasamu lako. Mimi nilivaa miwani. Nyuma ya bega lako kuna mlango wenye maandishi ya kutokea wakati wa moto. Kwenye vitasa vyake umepitishwa mnyororo, na mwisho wa mnyororo kuna kufuli la ukubwa wa ngumi. Pembeni, marobota ya vitambaa yamepangwa hadi yakaziba swichi ya umeme.

Nikarudi kuisoma barua yako, na safari hii sikucheka. Unasema msimamizi wenu, huyo mnayemwita Mkasi, hukaa na ufunguo kwa kuogopa wizi wa vitambaa, na kila siku saa sita mchana huenda nao kula nje. Unasema waya za pasi kubwa hupata moto hadi hazishikiki, ila mmezoea. Unasema kila Jumatatu anakuletea fomu iliyokwisha kujazwa kwamba milango yote i wazi, nawe unatia sahihi tu. Na fundi wa vifungo, marshali aliyekutangulia, asubuhi moja alivua kizibao, akakitundika kwenye msumari, akaondoka bila kuaga mtu. Ninyi mlimwona ana wazimu. Mimi nadhani alianza kusoma anachotia sahihi.

Kuna jambo sijawahi kukuandikia. Nilipokuwa mwalimu wa zamu, mchana mmoja nilifunga bweni kwa nje nikiogopa wezi, nisijue kwamba wanafunzi wawili wagonjwa walikuwa wamelala ndani. Godoro likashika moto. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa kwenye chai. Tulimtoa mmoja.

Tangu siku ile siamini ufunguo ulio mfukoni mwa mtu asiyekuwepo.

Najua utasema, Mjomba, kazi haziokotwi. Kweli. Na Mkasi atakuambia usijifanye mjuaji. Mwache aseme. Siku ya msiba watatafuta karatasi, na jina litakaloonekana chini yake halitakuwa la Mkasi. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni wale mia mbili wanaoshona wakiwa wameupa mlango ule mgongo, wakiamini kwamba mwenye kizibao ameshaujaribu.

Bibi yako, mama yako na kaka yako fundi redio wanakusalimu sana. Msalimie mwenzako wa chumbani, na umshukuru kwa kukupikia uji ulipougua. Mungu awafunike, wewe na wote walio chini ya paa lile.

Barua hii sikuipeleka posta. Nimemkabidhi dereva wa basi mkononi, akufikishie Jumatatu asubuhi, kabla fomu haijafika mezani kwako. Kwa hiyo ukiisoma, siku ya kutia sahihi ni hiyo hiyo.

Leo, kabla ya kushika kalamu, sukuma mlango ule kwa mkono wako mwenyewe; usipofunguka, usitie sahihi, nenda moja kwa moja kituo cha zimamoto ukawaambie.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye.