Joto Upande wa Kushoto

Riruta, Nairobi
Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Habari za hapo Wundanyi? Goti la baba limepata nafuu? Mimi huku nimekunywa chai, nimekula mihogo, na mkono wangu wa kushoto sasa unafika kichwani bila shida. Huo mkono ndio unaonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungelia nishindwe kumaliza. Keti, Mama, usome mpaka mwisho. Mimi ni mzima.

Unajua niko mapokezi katika kliniki kule Muthangari. Mwaka huu watafiti walileta kifaa kidogo, kama kikombe chenye waya, cha kusaidia kutafuta saratani ya matiti. Daktari Harjeet, mkubwa wetu, alitueleza kwamba mwili wenyewe hutoa mawimbi hafifu sana yanayoitwa maikrowevu, na kifaa huyapokea tu ili kujua joto la ndani. Uvimbe mbaya mara nyingi huwa na joto kuliko nyama iliyo karibu nao. Hakichomi, hakitoi miale.

Nilitumwa niwaalike wanawake wa mtaani kwetu. Wakaja, lakini waliposikia neno maikrowevu wakaanza kuchukua mikoba yao. Mama Njoki, mwenye nyumba ninayopanga, akasimama.

"Hiyo si ni ile ya kupasha chakula? Mnataka kutupika?"

"Haipiki, Mama Njoki. Inapima joto tu."

"Basi anza wewe, tuone."

Niliingia nyuma ya pazia nikicheka. Nikakaa kifua wazi kwa muda ili ngozi izoee ubaridi wa chumba, kisha muuguzi akakigusisha kile kifaa hapa na pale, titi moja kisha la pili. Sikusikia chochote. Mama Njoki akachungulia, akawatangazia wenzake, "Bado ni mbichi!" Wakaangua kicheko, wakapanga foleni.

Jioni Daktari Harjeet aliniita. "Wakesho, kuna mahali upande wa kushoto pana joto kuliko kulia. Mashine hii peke yake haiwezi kutuambia ni nini. Kesho nataka upigwe picha."

Mama, sikuwa na maumivu, sikuwa nimegusa uvimbe wowote. Picha ilionyesha kitu kidogo kama punje ya mbaazi. Wakatoa kipande kwa sindano, nikangoja majibu siku tisa. Ilikuwa saratani.

Nilimwambia Mama Njoki peke yake. Akavua miwani. "Ni mimi nilikusukuma uingie huko."

"Ndiyo. Na nakushukuru."

Siku ya upasuaji alifunga duka lake la Dagoretti Corner, akaja na uji wa wimbi, akamwambia muuguzi kwamba yeye ndiye mama yangu. Nisamehe, nilimwacha aseme hivyo. Nilimhitaji mama siku hiyo.

Walitoa uvimbe, titi limebaki. Haukuwa umefika kwapani. Bado nitaenda kutibiwa kwa miale kwa wiki kadhaa, lakini daktari anasema tumewahi, na mimi namwamini.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka nikuletee habari nikiwa nimeshajua mwisho wake. Kasirika, lakini kidogo. Halafu mchukue mama mdogo Mkamburi, mwende hospitali mkapimwe, hata kama hakuna panapouma. Akikwambia anaona aibu, mwambie mimi nilivua nguo mtaa mzima ukingoja nje ya pazia.

Msalimie baba, na kaka Mwadime kwenye cherehani yake, na bibi, umwambie taratibu.

Nimerudi kazini tangu Jumatatu. Jana mwanamke mmoja alisimama mlangoni, hataki kuingia wala kuondoka, akaniuliza kama inauma. Nilimsimulia yangu yote, kama nilivyokusimulia wewe. Akanipa mkoba wake nimshikie, akaingia.

Mwanao anayekupenda,
Wakesho