Risiti Zilizofutwa na Jua

Jumanne.



Leo afisa wa kodi alitaka risiti za dizeli ya mwaka mzima, ndipo atoe gharama hizo kwenye mapato yangu kabla ya kunikadiria. Nikamimina bahasha mezani. Zote nyeupe. Jua la Kamsamba limezifuta juu ya dashibodi ya lori. Akasema karatasi tupu si ushahidi. Basi nitatozwa kana kwamba lori lilitembea kwa maji.

Nilirudi yadi nikamkaba koo dereva wangu, Jailo. Nilipomwachia akasema taratibu, "Bosi, si wewe uliyesema niziweke pale ili trafiki azione haraka, asitushuku magendo ya mafuta?"

Ni kweli. Ndiyo maana nilimpiga. Nilimpiga kichwani kwa spana ya matairi, na alipoanguka nikamwongezea teke la mbavu. Hakurudisha hata kofi. Ana watoto wanne na mimi ndiye ninayemlipa.

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Akamwambia nesi kwamba ameteleza.

Nyuzi tisa. Nimepewa risiti, na hii kila herufi inasomeka. Nimeifungia kabatini, mahali jua halifiki.