Nilikunywa Ulanzi wa Mtu wa Kiwanda

Mpendwa Shangazi Fidelia,

Naomba unisaidie maana hapa kijijini, njia ya kwenda Makambako, hakuna tena anayenisalimia. Mwaka jana bwawa la maji machafu la kiwanda cha nguzo lilipasuka, dawa ya kutibia nguzo ikateremka mpaka kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni, mboga zikafa, milanzi yote, mianzi tunayogema pombe ya ulanzi, ikakauka, na mume wangu Rodrick, ambaye alikuwa mgema, akasema hawezi kukaa anatazama mianzi iliyokufa, akaenda Makambako kupakia malori, akaapa hatarudi mpaka kiwanda kilipe na bonde lipone. Shangazi, ninamtamani mume wangu. Masika yameingia na kila alfajiri nasikiliza kama atashuka bondeni na kisu chake na mbeta za kukingia ulanzi, akipiga mluzi, nasikia mvua tu.

Kaya zote za bondeni tumefungua kesi. Sasa wiki iliyopita akaja Anderson, afisa wa kiwanda, kijana mpole, akakaa jikoni kwangu na mbeta ya ulanzi kutoka Uwemba, akasema, "Kamwene mama, poleni sana, tunywe." Kwetu waliokosana wakinywa chombo kimoja, yamekwisha. Nilijua, lakini ile harufu ilikuwa ya Rodrick, nikanywa, nikalia, nikaongeza. Jirani yangu Scola ametangaza kwamba nimeuza kesi, vijana wanasema kama kesi imekufa basi wachome ghala la kiwanda, na Rodrick hajui lolote. Je, nijitoe kwenye kesi?

Modesta, Njombe

Modesta mwanangu,

Pole. Sasa nikugombeze: kesi iko mahakamani, wakili mnaye, na wewe unampokea mtu wa upande wa pili, unakunywa mpaka unaongeza! Kiu ya mume haizimwi na ulanzi wa Uwemba.

Hujauza kitu. Uliyemsamehe ni Anderson, na kijana wa watu hakupasua bwawa. Kiwanda hakina koo la kunywea. Kama kina kosa, kilipe na kisafishe bonde. Kama kinasema hakina, kikajieleze mbele ya hakimu nanyi mkisikiliza, na mtaalamu apime maji na udongo. Mkikinyima kusikilizwa leo, kesho kitapata pa kushika ili kuvuruga hukumu yenu.

Usijitoe. Nenda kwa wakili umweleze yote, hata ile ya kuongeza. Anderson akirudi mpe maji ya kunywa, kisha umwelekeze huko huko kwa wakili. Mianzi mikavu isikatwe kuni mpaka mtaalamu aione. Na Scola, badala ya kutangaza, awakalishe vijana chini: ghala likiungua, kiwanda kitakuwa mlalamikaji na watoto wenu washtakiwa, na moshi wa dawa ya nguzo iliyomo mtauvuta nyie.

Limebaki la Rodrick. Kesi yaweza kula masika mawili, matatu, na bonde likachukua zaidi. Nani aliwaambia ndoa nayo isubiri hukumu? Makambako si Ulaya. Mpigie leo, mwambie ulikunywa, na kwa nini, halafu mwambie aje Jumamosi. Hakuna hakimu aliyemzuia mtu kulala kwake.