Magunia Mawili ya Mchanga Kwa Mama Mkwe

Malaba, tarehe 3 Desemba. Niliondoka Namboboto mwezi uliopita na tangu siku hiyo sijalala kwangu.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla aibu haijanimaliza. Kazi yangu ni kupakua mizigo kwenye matrela hapa Malaba, na shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza tu vile ilivyokuwa. Mgongo wangu umechoka na magunia ya watu, ndiyo maana nikaweka akiba nikanunua Probox kuukuu nibebe mikungu ya ndizi mpaka soko la Matayos, lakini gari likipakiwa lilikaa chini nyuma kama mbwa anayeota jua, basi nikalipeleka kwa Okiria, fundi wa malori, akacheka akaniambia, "Boss, mimi hulala chini ya trela, Probox ni nini?" Akatoa springi za nyuma akaweka nene za gari kubwa zaidi, akakata vipande vya tairi kuukuu akavibana katikati ya springi, akajaza tairi upepo mpaka ukizigonga zinalia kama ngoma.

Mshauri, likiwa na mzigo gari hilo ni malaika, lakini likiwa tupu ni mbuzi, linaruka hata likikanyaga ganda la muwa. Nilipolalamika Okiria alisema dawa ni kutotembea tupu, niweke magunia mawili ya mchanga nyuma, na kweli likatulia, nikaona shida imeisha.

Sasa mwezi uliopita mke wangu Atyang alijifungua huko Namboboto akataka mama yake aje amwone mtoto, nami nikajitolea kumchukua kwao Amukura. Wakwe zangu ni Wateso, na kwao mtu na mama mkwe wake hawagusani, hata macho hawakutanishi, basi tukapanga yeye akae kiti cha nyuma amejifunika leso na mimi nitazame barabara tu. Nilipofika, akina mama walitoka na nyimbo, wakafungua nyuma, wakaona magunia mawili yamejaa na kushonwa vizuri, wakapiga vigelegele, vijana wakayabeba mpaka jikoni. Jiko la mama mkwe siwezi kulikanyaga, na kusema mbele ya wazee kwamba huo ni mchanga, mdomo ulikataa. Mzee mmoja akanishika mkono. "Wewe ni mkwe kweli. Mahindi nzito hivi ni ya wapi?" Nikasema ni ya Uganda.

Tukaondoka bila mchanga. Kwenye tuta la kwanza nilisikia kichwa cha mama kikigonga paa. Kwenye la pili alirushwa mbele, mikono yake yote miwili ikanikumbatia shingoni na leso ikanifunika uso, tukakaa hivyo mpaka gari likasimama lenyewe kwenye majani. Ndipo akasema maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia tangu nimwoe binti yake: "Egesa, nishushe hapa." Akarudi kwao kwa miguu. Jioni shemeji yangu Amuge akanipigia simu. "Shemeji, hii mahindi yako tunapika na maji ngapi?" Nyuma yake nikasikia boma lote likicheka.

Mama mkwe amesema hapandi tena mbuzi huyo, na Atyang amesema nisikanyage nyumbani bila mama yake. Okiria hataki niguse kazi yake. Nikirudisha springi za zamani ndizi zitaburuta chini na sitakuwa na cha kulisha mtoto, nikiziacha hizi sina mke. Nifanye nini? Nimeshawaahidi kwamba nitafika Namboboto Jumamosi tarehe 20 Desemba, nikiwa na mama mkwe ndani ya gari.

Egesa

MSHAURI ANAJIBU

Egesa, nimekusoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka. Pole kwa mgongo na hongera kwa mtoto. Sasa nisikilize.

Okiria anajua matrela, na trela halina mama mkwe ndani. Nimemuuliza fundi wa teksi ambaye abiria wake hulalamika kila siku, akatikisa kichwa. Springi hubeba, shokapu huzuia springi isiruke. Wewe uliongeza nguvu ya kubeba ukaacha shokapu kuukuu ambazo haziwezi kuzuia hata kuku. Toa hivyo vipande vya tairi leo. Toa na springi za gari la wenyewe, utafute za Probox, zile ngumu kiasi zinazotengenezewa wabeba mizigo, pamoja na shokapu mpya zinazolingana nazo. Upepo wa tairi vipimo vyake vimeandikwa kwenye mlango wa dereva: ukipakia ongeza, ukishusha punguza. Na mikungu ipunguze, kwa maana hakuna springi inayotosha tamaa.

Kisha lijaribu gari likiwa tupu. Okiria aendeshe mpaka Amukura na kurudi, wewe ukae kiti cha nyuma umeshika kikombe cha uji kilichojaa. Uji ukikumwagikia mapajani, rudini gereji. Ulimjaribia mama wa watu gari ambalo hukuwahi kulikalia nyuma, hilo ndilo kosa lako kubwa. Siku yenyewe akae kiti cha nyuma vilevile lakini upande wa abiria, asikae nyuma ya mgongo wako, na afunge mkanda. Mkanda haujui mila, lakini siku ile ungeilinda.

Kuhusu mchanga, umewadanganya wazee na ukaisingizia Uganda bure. Mtume Amuge aombe radhi kwa niaba yako, kwa kuwa aliyekucheka zaidi ndiye atakayekusemea vizuri. Halafu peleka magunia mawili ya mahindi siku hiyo hiyo ya kumchukua mama. Ukifika, kabla nyimbo hazijaanza, shuka uyafungue midomo mwenyewe, kisha usimame mbali. Watatia mikono mpaka chini kabla ya kuimba. Waache, ni haki yao.